Doa Ukutani: Kisa cha Mzee Matisse na Mkasi Wake

Mwaka 1946, katika nyumba yake ya Paris kwenye boulevard Montparnasse, mzee Henri Matisse, mchoraji wa Kifaransa, alikuwa akiuangalia ukuta. Rangi ya ukuta ilikuwa imechakaa, na palikuwa na doa lililomkera. Akachukua karatasi ya kuandikia barua, akakata umbo la mbayuwayu, akamwomba msaidizi wake, Lydia Delectorskaya, amfunikie lile doa. Mbayuwayu mmoja hakutosha. Akafuata samaki, kisha mwani, kisha matumbawe, ndege wengine, papa. Siku zilivyokwenda ukuta ukajaa, akahamia ukuta wa pili. Mzee wa miaka 76, ambaye hata kusimama kulikuwa kwa taabu, alikuwa ameirudisha chumbani bahari ya Tahiti, kisiwa cha Pasifiki, aliyoiona mwaka 1930.

Naanza na doa kwa makusudi. Wanaosifia sanaa kuwa ni dawa huanza na maneno mazito: roho, utulivu, uponyaji. Hapa tuna mgonjwa aliyekereka, basi. Nilikisoma kisa hiki zamani kama habari za mchoraji mashuhuri, nikakirudia mwaka jana bibi yangu alipopata kiharusi, na safari hii nikakisoma kama jalada la mgonjwa: aliugua nini, akapoteza nini, akabakiwa na nini, na kile alichobakiwa nacho akakifanyia nini.

Ugonjwa ndio uliompa kazi tangu mwanzo. Matisse alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 huko Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akakulia Bohain, mji wa wafumaji wa vitambaa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Kijana akasomeshwa sheria, akawekwa karani katika ofisi ya wakili mjini Saint-Quentin, kazi ya kunakili makaratasi kutwa nzima. Alipofika kama miaka 20 akalazwa na kidole tumbo, na kupona kukachukua miezi. Mama yake, ambaye mwenyewe alikuwa akipamba vyombo vya kauri kwa rangi, akamletea sanduku la rangi apitishie muda. Kijana akachora, na hakurudi tena kuwa karani kwa moyo mmoja. Mwaka 1891 akaiacha sheria, akaenda Paris kusomea uchoraji. Baba hakufurahi hata kidogo.

Hili tuliweke wazi mapema, maana linapunguza utamu wa kisa. Ugonjwa wa pili ulipomfika, huyu hakuwa mzee anayeshika rangi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na ustadi wa nusu karne mkononi. Atakayesema "Matisse aliweza, na wewe utaweza" anasahau miaka hiyo hamsini. Lakini ustadi nao una shida yake, tutaiona.

Januari 1941 alipelekwa Lyon kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 71. Ufaransa ilikuwa imeshavamiwa na Wajerumani. Mkewe Amélie walikuwa wametengana mwaka 1939, baada ya ndoa ya miaka zaidi ya arobaini. Upasuaji wenyewe ulifanikiwa, lakini yaliyofuata nusura yammalize: damu iliganda kwenye mapafu, na kidonda kikapata maambukizi. Alipoanza kuinuka, masista waliokuwa wakimuuguza walimpa jina la utani kwa Kifaransa, *le ressuscité*, yaani aliyefufuka. Yeye mwenyewe, tangu hapo, miaka iliyobaki aliiita maisha yake ya pili. Ilikuja kuwa karibu miaka 14.

Jina la utani ni zuri. Mwili ulikuwa habari nyingine. Misuli ya tumbo ililegea na haikurudi, ikabidi avae mkanda wa kulishikilia. Sehemu kubwa ya siku akawa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Usingizi, ambao hata kabla haukuwa mwingi, ukazidi kumkimbia.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji wa turubai kubwa. Anasimama saa nyingi. Anarudi nyuma hatua tano aone, anasogea mbele tena, anainua mkono juu ya kichwa, anainama. Uchoraji wa namna ile ni kazi ya mgongo na miguu kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa aina hii anapopoteza tumbo lake amepoteza nusu ya zana zake, na hapo ndipo ustadi unapogeuka mzigo: mkono unakumbuka kila kitu ulichokuwa ukiweza, na mwili unakataa. Wanaoanza upya hawana kumbukumbu hiyo ya kuwatesa. Nimewaona mafundi wazuri, washonaji na maseremala, wakiacha kabisa kazi baada ya kuugua, kwa sababu walikuwa wakilinganisha kila pigo la leo na la jana.

Matisse hakuacha, na hakuendelea kama zamani vilevile. Alikwenda kuokota kitu kilichokuwa pembeni ya kazi yake akakileta katikati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipokuwa akitengeneza mchoro mkubwa wa ukutani wa wachezaji ngoma kwa ajili ya Albert Barnes, mkusanyaji wa sanaa, huko Merion, Marekani, alikuwa akikata vipande vya karatasi za rangi na kuvipachika kwa pini ili aweze kuwahamisha wale wachezaji huku na huku bila kufuta na kuchora upya. Mkasi wakati ule ulikuwa kama kipande cha chaki cha fundi cherehani: unapima nacho, unawekea alama, ukimaliza nguo hakuna anayekikumbuka. Baada ya Lyon, chaki ikawa nguo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Wasaidizi walipaka karatasi nyeupe rangi ya maji nzito, rangi moja kila karatasi, wakazianika. Mzee akachagua. Akashika karatasi kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine, akakata moja kwa moja bila kuchora mstari wa kufuata, karatasi ikizungukazunguka hewani. Kipande kikianguka, msaidizi anakiokota, anakipeleka ukutani na nyundo na pini. Juu kidogo. Hapana, kushoto. Igeuze. Hapo. Kesho yake akiamka na kuona pale hapafai, pini inang'olewa, kipande kinahama. Katika kitabu chake cha *Jazz* aliandika kwamba kukata moja kwa moja ndani ya rangi kulimkumbusha wachonga sanamu wanavyochonga jiwe.

Mtaalamu wa viungo akiutazama utaratibu huo atashangaa jinsi ulivyouenea mwili ule. Kazi imehama kutoka mgongoni na miguuni, imekuja kwenye kiganja na kifundo cha mkono, sehemu zilizokuwa bado nzima. Umbali wa kuangalia haudai tena hatua za kurudi nyuma, maana ukuta uko pale na kitanda kiko hapa. Kazi ya nguvu wameachiwa vijana, na uamuzi wote umebaki kwa mgonjwa. Ila lililonivutia zaidi ni pini. Mgonjwa ana nguvu chache kwa siku, na kosa la rangi ya mafuta linakula siku nzima kulirekebisha. Kosa la pini linakula dakika moja. Watu wakiugua huogopa kukosea kwa sababu hawana akiba ya kurudia. Ukimpa mgonjwa kazi, angalia kwanza: akikosea, itamgharimu nini?

Na usiku? Mtu asiyelala ana adui mmoja, dari. Matisse alitafuta njia ya kuitumia hata hiyo. Alifunga mkaa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, na kwa mwanzi huo akawa anachora ukutani akiwa amekaa au amelala. Katika chumba chake cha Hôtel Régina, mjini Nice, alichora nyuso za wajukuu zake kwenye dari juu ya kitanda. Akikosa usingizi, wajukuu wapo, wanamtazama.

*Jazz* ilichapishwa na Tériade mwaka 1947, ikiwa na picha 20 zilizotokana na karatasi za mkasi alizozianza mwaka 1943. Watu wengi huona rangi zile kali, sarakasi na farasi, wakasema: ona furaha ya mzee. Mimi siioni furaha tupu. Mle ndani yumo Ikaro, kijana wa hekaya aliyeruka karibu na jua mbawa zikayeyuka, mwili mweusi katikati ya buluu, na pahala pa moyo pana kidoa chekundu. Na majira ya kuchipua ya mwaka 1944, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ilimkamata Amélie na binti yao Marguerite kwa kazi yao ya siri ya kuupinga uvamizi. Marguerite aliteswa, akapandishwa treni ya kupelekwa kambini Ujerumani, akanusurika safari ilipokatizwa njiani. Baba yake alikuwa Vence, milimani juu ya Nice, hana uwezo wa kwenda popote. Aliendelea kufanya kazi. Sitasema kazi ilimpa amani. Nadhani ilimpa pa kuweka mikono.

Hapa nimlete bibi yangu, maana ndiye aliyenifanya nikielewe kisa hiki.

Bibi mzaa mama anaishi Tanga. Kiharusi kilimwacha na mkono wa kulia usio na nguvu. Tulipewa mazoezi, na kati yake kulikuwa na mpira laini wa kufinya, mara kadhaa asubuhi na mara kadhaa jioni. Siku ya tatu nikaukuta mpira uani, wanauchezea watoto. Nikamuuliza. "Mume wangu," akaniambia, kama anavyoniita tangu utotoni, "mimi na umri huu nifinye mpira? Nikishafinya, napata nini?"

Sikuwa na jibu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa nalo. Alileta fungu la chane za ukindu, akazilowesha kwenye beseni, akaziweka mkekani mbele ya bibi bila kusema neno. Bibi alisuka ukili maisha yake yote, ukili mpana wa chane nyingi, ule unaotoa mkeka wa kupokea wageni. Siku ile alijaribu ule mpana, vidole vya kulia vikashindwa kuzishika chane, akazitupa. Kesho yake akachukua chane chache tu, za ukili mwembamba ambao wasichana hujifunzia, akaubana mwanzo wake kwa dole gumba la mguu, akasuka kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia. Ukatoka umepinda. Akaufumua. Akasuka tena. Mtoto wa dada yangu, miaka sita, akaja kukaa pembeni akiiga, na wa kwake ukatoka umepinda vilevile, wakacheka wote wawili.

Mkono wa kulia haujarudi kama zamani. Lakini unafinya, unashika na unaachia mamia ya mara kila asubuhi, na mwenye mkono hahesabu. Tulipomweleza mtaalamu wa mazoezi, alicheka, akasema endeleeni, mpira wapeni watoto.

Bibi alikataa zoezi akakubali kazi, na kazi yenyewe aliikubali baada ya kushuka daraja, kutoka ukili wa fundi hadi ukili wa msichana. Kushuka kule ndiko kugumu. Matisse naye alishuka. Wapo wahakiki waliodharau karatasi zake, wakaona mzee amerudi utotoni, anakatakata kama mtoto wa chekechea. Naye hakuficha kwamba zana ni ya mtoto. Alichokifanya nayo ndicho hakikuwa cha kitoto. *Konokono*, ya mwaka 1953, iliyoko kwenye jumba la sanaa la Tate mjini London, ina karibu mita 2.9 kwa 2.9, na ni vipande vichache vya rangi vilivyopangwa kwa mzunguko. Ukisimama mbele yake hutafuti mgonjwa.

Kuna mtu mwingine ndani ya kisa, na yeye alikuwa kijana. Mwaka 1942 Matisse alihitaji muuguzi wa usiku, akaja msichana aitwaye Monique Bourgeois. Alimuuguza, baadaye akakaa mbele yake achorwe. Monique mwenyewe aliugua kifua kikuu, kisha akaingia utawani kwa Wadominiko akaitwa Sista Jacques-Marie. Walikutana tena Vence, ambako watawa walihitaji kanisa dogo. Sista alikuwa amechora mchoro wa dirisha la kioo, akamwonyesha mzee. Kutoka kwenye mchoro wa yule sista kijana, Matisse akajitwisha kanisa zima: vioo vya rangi, michoro mieusi kwenye vigae vyeupe, altare, hata mavazi ya mapadri, ambayo aliyabuni kwa mkasi. Kazi ilichukua tangu mwaka 1948 hadi 1951. Siku ya kuliweka wakfu, Juni 1951, hakuweza kwenda. Aliumwa.

Watu wanaopenda habari za sanaa na tiba huruka sentensi hiyo ya mwisho. Mimi sitaki irukwe. Miaka kumi ya mkasi haikumponya tumbo wala haikumrudishia miguu. Saratani ilitolewa na madaktari wa Lyon, na bila wao hakuna kisa. Sanaa ilifanya kazi mahali ambapo daktari alikuwa amemaliza yake, na haikugombania nafasi yake.

Jina lenyewe la tiba kwa sanaa lilizaliwa miaka hiyohiyo. Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza, alilazwa kwa kifua kikuu huko Midhurst mwaka 1938, akawa anachora vitu vilivyo karibu na kitanda, kisha akaanza kuwashawishi wagonjwa wenzake wachore. Ndiye anayetajwa kuanza kutumia jina hilo, mwaka 1942. Siku hizi vipo vipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawaacha dakika 45. Kwa kiasi cha asilimia 75 kati yao kortisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na waliowahi kufanya sanaa hawakuwapita wasiowahi. Watu 39 ni wachache, na robo yao haikushuka, kwa hiyo tusiijengee nyumba. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipitia tafiti zaidi ya 3,000, ikakuta faida zinazoanzia utotoni hadi uzeeni. Inatosha kusema jambo lipo. Haisemi ukindu au karatasi, wala haisemi nani aletewe nini. Hilo ni la mama mdogo.

Kiangazi cha mwaka 1952 Matisse alitaka kuwaona wapiga mbizi. Akapelekwa kwenye bwawa la kuogelea mjini Cannes. Jua lilikuwa kali mno, akarudishwa Nice. Basi akasema atajitengenezea bwawa lake. Wasaidizi wakabandika ukanda wa karatasi nyeupe kuzunguka kuta za chumba cha kulia chakula, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama, naye akakata waogeleaji wa buluu, wengine wakipiga mbizi, wengine wakivuka ukingo wa ule ukanda kama samaki anayeruka nje ya maji. Miaka 82, kwenye kiti cha magurudumu, na maji pande zote. Sasa liko New York, kwenye jumba la sanaa la MoMA.

Mtu aweza kusema: yeye alikuwa na wasaidizi, alikuwa na pesa, alikuwa Matisse. Ni kweli, na ndiyo maana huwa nauliza kwanza nani atapaka karatasi, nani atalowesha ukindu. Lydia Delectorskaya hakuwa pambo la kisa. Mgonjwa aliyeachiwa peke yake na sanduku la rangi ameachiwa sanduku tu. Kijana wa Saint-Quentin naye aliletewa lake na mama yake.

Alikufa Nice tarehe 3 Novemba 1954, akiwa na miaka 84. Siku moja kabla, Lydia aliingia chumbani ametoka kuosha nywele, amejifunga taulo kichwani. Mzee akaomba karatasi na kalamu ya wino. Akamchora mara kadhaa, kisha akaushika mchoro wa mwisho mbali na macho, mkono umenyooka, akautazama kwa muda, akasema utafaa.